Binti wa milimani ndani ya meli ya utafiti: Si pikiniki, asikuambie mtu!

Nikiwaambia washikaji wa Mwanjelwa kwamba niliwahi kuishi wiki tatu kwenye meli ya utafiti, swali la kwanza huwa lile lile: "Wewe mtu wa Tukuyu, bahari na wewe wapi na wapi?" La pili: "Mlikuwa mnajirusha, eeh?" Mpenzi msomaji, leo nayajibu yote mawili kwa mpigo.

Kwanza kulikuwa na kasheshe ya mama. Nilipopata nafasi ile mwaka 2018, nikiwa mwanafunzi, alikataa katakata. Kwake yeye, meli ni MV Bukoba, ile iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu. "Mwanangu, sisi maji tunayoyajua ni ya mvua," alisema. Ikabidi nikae naye jikoni nimweleze kwamba Bukoba ilipakia watu kupita uwezo wake, wakati meli ya utafiti haiokoti abiria bandarini. Kila aliyemo ana kitanda chake, jaketi lake la kujiokolea na nafasi yake kwenye boti la dharura. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Nenda, lakini nisikie habari zako."

Kwa wale wasiojua, meli hizi zina historia Afrika Mashariki. Maarufu zaidi ni "Dr Fridtjof Nansen" ya Norway, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Meli ya kwanza ya jina hilo ilipima samaki kwenye maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983. Ya tatu, iliyoanza kazi mwaka 2017, ilikuja kwetu 2018. Ina urefu wa mita 74.5 na vitanda vya watu 45. Niliyopanda mimi ilikuwa ndogo kuliko hiyo, na jina lake naliweka kapuni.

SIKU YA KWANZA: KENGELE!

Kabla hata sijapanga nguo, ikalia honi: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Hiyo ni ishara ya hatari duniani kote. Ilikuwa mazoezi tu, lakini kila mtu alikimbilia mahali pake, akavaa jaketi, akaitwa jina. Hapo nikamkumbuka mama, moyo ukatulia.

Tumbo ndilo halikutulia. Kama umewahi kupanda basi linaloshuka Kitonga huku dereva akikata kona bila huruma, basi zidisha hiyo Kitonga iwe siku mbili mfululizo. Dawa ilikuwa tangawizi, biskuti kavu, na kukaa nje kuangalia upeo wa macho.

ZAMU MASAA 12

Meli ikishatia nanga ofisi, yaani ikishaingia kazini, hailali, maana kila siku moja baharini inakula fedha kibao. Nusu yetu tulifanya kazi kuanzia saa 6 mchana hadi saa 6 usiku, wengine wakapokea hadi saa 6 mchana. Niliyelala naye chumba kimoja tulikuwa tunaonana mlangoni, yeye akienda, mimi nikirudi. Kitanda kina pazia, na sheria ni moja: usiwashe taa mwenzio akilala.

Kazi yenyewe? Tunashusha chombo cha kupima joto, chumvi na kina, kimezungukwa na chupa zilizo wazi juu na chini. Kikifika kina tunachotaka, tunabonyeza, chupa inajifunga na kuleta maji ya huko huko. Nyavu ikipanda, samaki wanatengwa aina kwa aina, wanapimwa na kupimwa uzito. Wengine tunawatoa vijiwe vya sikioni. Vina duara kama zile za mti uliokatwa Sao Hill kule Mafinga. Unahesabu, unajua umri wa samaki. Bomba, siyo?

Kujirusha sahau. Pombe marufuku, maji ya kuoga ni ya kubana kwa sababu yanatengenezwa kutokana na ya bahari, na simu haina mtandao. Mawasiliano yalikuwa barua pepe ya setilaiti. Nilimwandikia kaka yangu wa Uyole mistari miwili kila jioni, naye anampigia mama: "Mzima, amekula."

ZIWA LETU JE?

Niliporudi, mama akasikiliza yote, halafu akauliza swali ambalo hata wasomi hawakuniuliza: "Na ziwa letu la Kyela, nani analipima?"

Limepimwa, mama. Mwaka 2005 wanasayansi wakiongozwa na Christopher Scholz wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, waligeuza tishari liitwalo Viphya kuwa mtambo wa kuchoronga. Likasimama ndani ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, juu ya maji yenye kina cha karibu mita 590, likishikiliwa na mitambo ya kulisukuma badala ya nanga. Wakachoronga mita 380 chini ya sakafu ya ziwa. Matope yale yalionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ukame ulipiga ile mbaya, hadi maji yakashuka zaidi ya mita 500. Ziwa hili hili linalotupa usipa!

Sasa wewe kijana wa Mbeya na Iringa uliyepata alama nzuri za fizikia au baiolojia, unangoja nini? Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kyela. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Ulizia. Jifunze kuogelea mapema, na ukipata nafasi, waeleze wazazi kwa utaratibu badala ya kutoroka. Hofu yao haikuanza bure. Lakini ziwa ni letu, na matope yake yana mengi ya kusema. Haipendezi yasomwe na wageni peke yao.