Ukikosa Pa Kulala: Namna ya Kutafuta Hifadhi ya Dharura Kariakoo na Katikati ya Jiji

Makazi ya mtu yanaweza kupotea kwa muda mfupi sana. Moto, mafuriko ya Bonde la Msimbazi, jengo kuporomoka kama ilivyotokea Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mlango kufungwa kwa deni la kodi, au ugomvi wa nyumbani: lolote kati ya hayo laweza kumwacha mtu barabarani jua likizama. Makala hii inaeleza mahali pa kuanzia, nani hupokewa wapi, na namna ya kujikinga dhidi ya wanaofaidika na shida za wengine.

Anzia serikali ya mtaa

Katika miji mingi ya Ulaya zipo nyumba za umma ambazo mtu asiye na makazi hubisha hodi na kupewa kitanda. Kwetu utaratibu ni tofauti: msaada huanzia katika ofisi ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa husikiliza shida, huandika barua ya utambulisho na kumpeleka mhusika kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa Halmashauri. Ikiwa makazi yako yalikuwa kwingine, nenda katika ofisi ya mahali ulipo. Ofisi ikiwa imefungwa, uliza nyumbani kwa mwenyekiti, kwa kuwa naye ni mkazi wa mtaa huo. Usiku wa manane, au usalama wako ukiwa hatarini, nenda kituo cha polisi, kama kile cha Msimbazi kilichopo Kariakoo, au piga 112.

Nani hupokewa wapi

Watoto hulindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukimkuta mtoto analala kibarazani, piga 116, simu isiyotozwa malipo. Ustawi wa jamii hutafuta kwanza ndugu zake. Wasipopatikana, mtoto huweza kupelekwa katika makao, kama Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini. Wazee wasiojiweza huweza kupokewa katika makazi ya Nunge, Kigamboni. Aliyekimbia ukatili huhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambalo laweza kumwunganisha na nyumba salama. Katika makundi yote hayo, njia ya kupokelewa ni afisa ustawi wa jamii au polisi. Kwenda moja kwa moja mlangoni huchelewesha msaada.

Mtu mzima mwenye afya njema hana makao ya aina hiyo yaliyotengwa kwa ajili yake. Kwake barua ya mtaa ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu msikiti, kanisa au jamaa wa mbali humpokea kwa wepesi mtu anayetambulika.

Yanapotokea maafa

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walihifadhiwa kwanza katika shule za jijini, kisha wengine wakahamishiwa Mabwepande. Msaada wa namna hiyo hugawiwa kwa orodha. Mpangaji asidhani kwamba jina la mwenye nyumba linatosha: kila kaya ijiandikishe yenyewe siku ileile, kwa idadi ya watu wake. Sehemu ya kujiandikisha ni ofisi ya mtaa au kata.

Ukifungiwa mlango

Kudaiwa kodi hakumwondolei mpangaji haki ya kusikilizwa. Peleka shauri kwa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na hatimaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha za wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tunza mkataba na risiti za kodi. Kama hakuna, ujumbe wa malipo ya simu waweza kutumika kama ushahidi.

Ukilala gesti

Uliza bei kabla ya kukabidhi mizigo, kagua kitasa cha mlango, na dai risiti. Kitambulisho kikiwa kimepotea, pata kwanza taarifa ya upotevu kutoka polisi, kwa kuwa mhudumu ana haki ya kukataa mgeni asiyejulikana.

Jihadhari na haya

Kwanza, dalali anayedai fedha za chumba ambacho hujakiona, au anayekuharakisha kwa kusema yupo mwingine anayekitaka. Pili, mgeni anayekuahidi kazi na malazi papo hapo, kisha akachukua simu au kitambulisho chako. Hizo ni dalili za usafirishaji haramu wa binadamu. Tatu, mtu anayetaka fedha ili jina lako liingie katika orodha ya msaada. Malipo halali ya Serikali huwa na namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiombwa rushwa, piga 113, TAKUKURU.

Asiyekosa makazi leo aandike namba ya mwenyekiti wa mtaa wake, atunze nakala ya kitambulisho kwa ndugu mmoja, na awafundishe watoto namba 116. Maandalizi hayo hayagharimu fedha nyingi, nayo huokoa saa nyingi usiku wa shida.