Mvuke upo Olkaria, santuri zatoka ng'ambo

Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Wachache hujua kuwa viwanda vya santuri navyo huendeshwa kwa mvuke. Donge la plastiki laini huwekwa kati ya mihuri miwili ya nikeli. Mvuke huipasha mihuri hiyo moto hadi plastiki ichukue mifereji ya sauti, kisha maji baridi huigandisha. Ni kazi ya nusu dakika hivi.

Nairobi ilikuwa na viwanda hivyo, kabla ya kaseti, nyingi zikiwa za bandia, kuwanyang'anya soko. Ndiyo maana fanki ya Kenya ya miaka ya 1970 iliporejeshwa kwenye santuri mwaka 2013, ilipitia kampuni ya Soundway ya London, katika mkusanyiko uitwao Kenya Special. Humo wamo Rift Valley Brothers, kwa wimbo Mu Africa, na Famous Nyahururu Boys.

Mvuke, hata hivyo, si kikwazo. Tatizo ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1974 ilikoma kulindwa nchini 2024 ilipomalizika. Haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Warithi wake, basi, wangali na la kudai, mradi wathibitishe jina ambalo pengine limebaki kwenye lebo ya santuri kuukuu tu.