Ufunguo Sahihi Unapokataliwa na Seva

Matini ninayochanganua katika tasnifu yangu yamo kwenye seva ya Linux, ilhali tarakilishi yangu ni ya Windows. Tulipoarifiwa kwamba nywila zingekomeshwa na funguo pekee kukubaliwa, nilihangaika siku mbili: ufunguo wangu ulikataliwa kila mara.

Ieleweke kwamba itifaki ya SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Ufini mwaka 1995, hutumia jozi ya funguo. Ule wa siri hubaki kwa mtumiaji. Ule wa umma huwekwa kwenye seva, katika faili ya authorized_keys. Programu ya PuTTYgen huhifadhi ufunguo wa umma kwa mistari kadhaa yenye kichwa, ilhali OpenSSH hutaka mstari mmoja tu. Ni sawa na utenzi wa hati za Kiarabu kupewa msomaji wa hati za Kirumi: maneno ni yale yale, ila hasomi. Dawa ni kunakili maandishi yaliyo katika kisanduku cha juu cha dirisha la PuTTYgen.

Nilifanya hivyo, nisifaulu. Kumbe saraka yangu ya nyumbani iliwaruhusu wanakikundi wenzangu kuandika ndani yake. Seva huhofu, na kwa haki, kwamba mwingine aweza kupenyeza ufunguo wake humo. Nikiwa bado na nywila, niliondoa ruhusa hiyo kwa amri ya chmod g-w, nikaweka 700 kwa saraka ya .ssh na 600 kwa faili yenyewe.

La kuudhi ni kwamba seva haimwambii anayebisha sababu ya kumkataa. Huiandika katika kumbukumbu zake, anazozisoma msimamizi. Ningalimwendea siku ya kwanza.