Maji ya vuguvugu si maji salama: tuujue mto wetu kwa misimu yake



Vakansi kubwa zimefika. Shule zimefungwa, jua linawaka, na watoto wetu wanajua njia ya mtoni kuliko njia ya sokoni. Wa Mangobo na wa komine ya Tshopo wanateremka mto Tshopo; wa Lubunga wana mto mkubwa mbele ya mlango; wengine wanafuata mawe ya Wagenia kutazama wavuvi na mitego yao. Hatuwezi kuwafungia nyumbani miezi miwili. Na sisi wenyewe tunaenda mtoni kila siku, kufua, kuosha vyombo na kujaza bidoni. Kwa hiyo tuongee juu ya maji.

Mto wetu hauna baridi ya kumfukuza mtu

Katika nchi za Ulaya, baridi ndiyo inayomwonya mtoto. Akitia mguu majini mwezi wa kwanza, anautoa mwenyewe mbio. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Joto la hewa Kisangani ni karibu digrii 25 mwaka mzima, na mto nao hukaa vuguvugu mwezi hadi mwezi. Mtoto akiingia anaona maji ni mazuri, leo kama jana. Lakini kinachobadilika hapa kwetu ni kimo cha maji na nguvu ya mkondo, na ngozi ya mtoto haiwezi kumwambia hayo. Jicho la mama ndilo linalopaswa kuona.

Hata hivyo, vuguvugu nayo ina mwisho wake. Mwili wa mtu una digrii 37, na maji huondoa joto la mwili haraka sana kuliko hewa. Mtoto aliyekaa muda mrefu majini, akaanza kutetemeka na midomo kubadilika rangi, atoke, apanguswe, avae nguo kavu. Akichoka kwa baridi, mikono na miguu yake haina tena nguvu ya kuogelea.

Maji yakishuka, maji yakipanda

Mwezi wa saba na wa nane mto hushuka. Mawe yanatokea, mchanga unaonekana, na watoto wanaona uwanja wa kuchezea. Hatari ya wakati huu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kwenye mawe: maporomoko ya Wagenia ni ya mwisho katika yale saba ya Boyoma, na hata mto ukiwa chini, maji yanapita kati ya mawe kwa kasi ya kumwangusha mtu mzima. Wavuvi wa Wagenia wamezaliwa juu ya maji hayo. Mtoto wa mjini asiwaige. Ya pili ni kwenye mchanga: unakanyaga maji ya magotini, hatua moja mbele hakuna chini.

Toka mwezi wa tisa mvua zinaongezeka, na mto hujaa kuelekea mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Karibu na mwezi wa nne na wa tano mvua kubwa hurudi. Maji yanakuwa mazito, yanabeba miti na magugu, na mahali mtoto alipokuwa anasimama vakansi iliyopita sasa panamfunika. Tukumbuke pia kwamba maji yetu mengi yanatoka mbali, kusini, kwa njia ya Lualaba. Mto unaweza kupanda hapa hata kama kwetu haijanyesha. Njia rahisi ya kujua: tuchomeke kijiti ukingoni kwenye kivuko chetu, tukiangalie asubuhi na jioni. Kijiti kikimezwa, watoto wabaki nyumbani.

Pembeni ya bwawa la umeme la Tshopo na penye maporomoko, hakuna msimu mzuri wa kuogelea. Hapo ni hapana mwaka mzima.

Maji yaliyotulia nayo yana mambo yake

Mama anaweza kusema: basi watoto waogelee kwenye maji yasiyokimbia. Lakini penye maji yaliyotulia na majani ndipo wanapokaa konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya bilharzia, yaani kichocho. Ugonjwa huu si wa kusikia kwa watu wa mbali. Aina moja ya kichocho cha tumbo ilielezwa na daktari Fisher mwaka 1934 kutokana na wagonjwa wa wilaya ya Stanleyville, jina la zamani la mji wetu.

Kijidudu hutoka kwenye konokono, kikapenya ngozi bila mtu kusikia kitu, au akisikia mwasho kidogo tu. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, toka karibu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa hizo ndizo watoto wanazozipenda. Asubuhi na mapema ni afadhali, ingawa hakuna saa isiyo na hatari kabisa.

Maji ya kuogesha mtoto mchanga yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe. Au yakae siku mbili kamili kwenye chombo kilichofunikwa, maana vijidudu hivyo vinakufa bila kupata mtu. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu hakifi kwa kungoja. Na tuwafundishe watoto wasijisaidie majini wala ukingoni: mayai ya kichocho yanarudi kwa konokono kwa njia hiyo.

Mtoto mwenye damu kwenye choo au kwenye mkojo, tumbo la kuuma lisilokwisha na uchovu, apelekwe kituo cha afya. Dawa ipo, inaitwa prazikuanteli, na hupimwa kulingana na uzito wa mtoto. Tusimgawie mtoto vidonge vya jirani.

Mtoto akizama

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kiko majini, hawezi kuita. Ndiyo maana mtu mzima mmoja awe anatazama tu, hafui, hashiki simu. Tusimwachie kazi hiyo dada wa miaka minane.

Usiyejua kuogelea usijitupe. Nyosha mti mrefu, rusha kamba, kitenge kilichofungwa fundo, au bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, aishike na kuelea. Akitolewa, asining'inizwe kichwa chini, wala asikandwe tumbo ili atapike maji. Hayo yanapoteza dakika. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano kinywani mpaka kifua kipande. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada. Hata akiamka, aonwe na muganga siku ileile.

Kabla ya jumapili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu: kuchagua mahali pamoja pa kuogea penye maji ya chini na kuonyesha watoto mpaka wake; kupanga zamu ya wamama wawili wa kutazama; na kuacha kamba na bidoni tupu ukingoni, visibebwe nyumbani. Kamba ya mita kumi, mama kumi wakichanga, si mzigo kwa mtu.