Nyonga Bandia ya Saruji Hudumu Miaka Mingapi?

Nyonga bandia ya saruji tunayoijua leo ilianza kuwekwa Novemba 1962 katika hospitali ya Wrightington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Daktari John Charnley alitumia kichwa cha chuma cha pua chenye kipenyo cha milimita 22 tu, kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu vikombe vya tefloni; vilisagika katika miaka michache, na wagonjwa wengi wakalazimika kurudi mezani kwa upasuaji wa pili.

Saruji yenyewe ni akriliki, jamii ile ile inayotengenezewa meno bandia. Si gundi. Hupenya katika vitundu vya mfupa, ikagandia humo na kujishikiza. Kwa hiyo uimara wake hutegemea sana mkono wa mpasuaji. Mfereji wa fupa la paja huoshwa kwa maji ya msukumo, hukaushwa, huzibwa kwa chini, kisha saruji laini hujazwa kwa bomba kutoka chini kuja juu na kukandamizwa. Katika muda wa robo saa hivi huwa imeshakuwa ngumu. Enzi za mwanzo ilishindiliwa kwa vidole, na mapovu ya hewa au damu yaliyonaswa ndani yake yaliidhoofisha.

Hata hivyo, nyonga za enzi hizo zilidumu kwa namna ya kustaajabisha. Kliniki ya Mayo, Marekani, ilifuatilia nyonga 2,000 za Charnley zilizowekwa kati ya 1969 na 1971. Ilikadiriwa kwamba baada ya miaka 25 asilimia 81 hivi zilikuwa hazijatolewa wala kubadilishwa kwa sababu yoyote. Haya ni makadirio ya kitakwimu, kwa kuwa wagonjwa wengi walifariki kabla ya muda huo, nyonga zao zikiwa bado nzima.

Umri wa mgonjwa ndio uliotenganisha matokeo zaidi. Ukihesabu kulegea kusikotokana na maambukizi peke yake, waliofanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka 40 walibaki na nyonga zao kwa asilimia 69 hivi. Kwa waliovuka 80, hakuna hata moja iliyobadilishwa kwa sababu hiyo. Kijana ana miaka mingi zaidi ya kutembea, na hutembea kwa nguvu zaidi.

Kila hatua huchubua plastiki kidogo. Chembe zake humezwa na seli za kinga zisizoweza kuzisaga, nazo hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa hutoboka, nyonga ikalegea. Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa saruji, hata hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa saruji, mpaka matundu yale yale yalipoonekana kwenye nyonga zisizo na saruji kabisa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki imekuwa ikiimarishwa kwa mionzi, na usagikaji umepungua sana.

Maambukizi na kuteguka bado huharibu nyonga nyingine mapema, lakini hayo mgonjwa huyahisi. Kuliwa kwa mfupa kunaweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote. Mwenye nyonga bandia asisubiri maumivu ndipo arudi hospitali. Ahudhurie miadi yake na apigwe eksirei, kwa maana mfupa uliobaki mwingi hurahisisha kubadilisha nyonga.