Motokari za Telekomande: Chuma ao Plastiki?

Mutu wa mgodi akishika motokari ndogo ya mashindano, ile ya telekomande, anaona mikono ya plastiki yenye kushika magurudumu, anacheka. Anataka kubadilisha yote, atie aliminyumu. Baba, ngoja kwanza mbele ya kutosha makuta.

Plastiki ile haiko ya ndoo. Mara nyingi ni nailoni. Motokari ikigonga ukuta, mkono unapinda, kisha unarudi. Aliminyumu ikipinda, inabaki vile. Na isipopinda, inapeleka kishindo ndani mpaka kwenye shasi. Sisi wenye kuishi karibu na mashini tunajua pini ya usalama: inakatika yenyewe ili shafti isikatike. Mkono wa plastiki njo pini ile. Ukivunjika, unatia mwingine wa bei kidogo, mutoto anarudi kwenye mbio. Tena kuna uzito: kwa ukubwa ule ule, aliminyumu inapita nailoni zaidi ya mara 2.

Hatusemi chuma ni bure. Pinyo ya motere iwe ya chuma kigumu, na shafti vilevile, zaidi sana kama motere haina sharboni. Kishikio cha motere kiwe cha aliminyumu, maana kinatoa joto. (Waya za motere ni shaba, na betri zake nyingi ziko na kobalti. Pale hakuna kuchagua!)

Mbele ya kulipa, uliza muuzaji kama iko na mikono ya kubadilisha. Chukua miwili ya mbele: njo inagonga ya kwanza.