Fundi Seremala Aliyewafundisha Wapasuaji wa Moyo

Yako maneno ya faraja ambayo kila mtu aliyepatwa na mashaka kazini huambiwa: kwamba dhiki ni mwalimu, na kwamba aonewaye leo atakuwa mtu mkubwa kesho. Maneno hayo hutoka katika vinywa vya watu wema, na nia yake ni njema. Walakini ukweli wake ni nusu. Wako watu wasiohesabika walioonewa kazini aushi yao yote, wasipate katika kuonewa kwao ila maradhi na unyonge wa moyo; na lau dhiki peke yake ingalikuwa mwalimu, wapagazi na vijakazi wa ulimwengu wangalikuwa ndio wanazuoni wake. Yamkini basi kwamba katika kukua kwa mtu kazini liko jambo jingine lenye nguvu kuliko dhiki yenyewe. Sijui maisha yanayolidhihirisha jambo hilo waziwazi kuliko maisha ya Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakupata kusoma udaktari hata siku moja, ilhali madaktari waliokuja kusifiwa duniani kote kwa upasuaji wa moyo walijifunza kazi hiyo kwa kuitazama mikono yake.

Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville, Tennessee, katika nyumba ya baba aliyekuwa seremala stadi, naye akafundishwa useremala tangu utotoni, saa za baada ya masomo. Muradi wake ulikuwa kwenda chuo na hatimaye kuwa daktari, na kwa ajili hiyo aliweka akiba miaka mingi. Lakini mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, kazi za ujenzi zikakauka, na kijana huyo aliyetoka kumaliza sekondari akaachishwa kazi pamoja na wenziwe. Februari 1930 rafiki yake alimjulisha kwamba katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini humo humo, yuko daktari kijana aitwaye Alfred Blalock anayetafuta mtu wa kumsaidia katika maabara ya majaribio juu ya wanyama. Thomas aliishika kazi hiyo kama mtu ashikavyo kamba ya muda, akitumaini kurudi shule hali ikitengenea. Na kabla mwaka ule haujakwisha, benki iliyotunza akiba yake ilifilisika, na fedha zote zikapotea.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. Blalock alikuwa mtafiti mwenye akili nyingi na haraka nyingi, naye alikuwa akihitaji mtu wa kuyafanya kwa mikono yale aliyoyawaza kichwani. Thomas, aliyezoea kupima kabla ya kukata, alijifunza upesi kutia dawa ya usingizi, kufungua kifua cha mnyama na kukifunga tena, kuandika vipimo katika daftari saa baada ya saa, na usiku kusoma vitabu vya umbo la mwili na vya kemia ili afahamu kilichokuwa kikitendeka chini ya kisu chake. Lakini siku moja, zama zile za mwanzo, alikosea jambo, na Blalock akaghadhibika akamtolea maneno machafu. Thomas alivua nguo za kazi, akavaa nguo zake, akaenda ofisini kwa daktari akamwambia kwamba hakulelewa ili asemwe kwa lugha ya namna ile, na kwamba kama ndivyo mambo yatakavyokuwa, yeye anakwenda zake. Blalock alitaka radhi, akaahidi kuuchunga ulimi wake.

Msomaji na aikumbuke nchi na zama zenyewe. Katika Tennessee ya mwaka 1930, ambapo sheria na desturi zilimtenga mtu mweusi shuleni, garini, hospitalini na hata mezani, kijana asiye na kazi nyingine alimkabili bwana wake mweupe akadai staha. Mimi nashikilia kwamba siku ile ndiyo iliyokuwa mzizi wa yote yaliyofuata. Mtu anayedhalilishwa kila siku mahali pa kazi hujifunza jambo moja tu, nalo ni kujificha: huficha makosa yake, huogopa kuuliza, hutenda alichoamriwa na zaidi ya hicho hatendi. Thomas aliilinda heshima yake kwanza, ndipo akili yake ikapata nafasi ya kufanya kazi.

Dhuluma nyingine ilikuwa ya kimya zaidi. Alikuja kutambua kwamba katika orodha ya watumishi wa chuo yeye alikuwa ameandikwa mfagizi, na analipwa ujira wa mfagizi, ilhali alikuwa akiifanya kazi ambayo wenziwe weupe walilipwa kama mafundi wa maabara. Hilo nalo alilidai, na ujira ukarekebishwa.

Kazi iliyofanywa na watu hao wawili Vanderbilt ilihusu ile hali ya kuzirai na kufa inayomfika mtu aliyeumia vibaya. Waganga wengi wa wakati ule walidhani kwamba ni sumu itokayo katika nyama zilizopondeka; majaribio ya Blalock na Thomas yalionyesha kuwa ni kupungua kwa damu na maji yake ndani ya mishipa, na kwamba dawa yake ni kuyarudisha. Maarifa hayo yaliwafaa majeruhi wengi wa Vita Vikuu vya Pili. Katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1938, walijaribu pia kuugeuza mshipa uendao mkononi na kuushona katika mshipa upelekao damu mapafuni, wakitaka kuona kama wataweza kuzidisha shinikizo la damu ndani ya mapafu. Jaribio hilo halikuleta walichokitafuta. Liliandikwa katika madaftari, likawekwa.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa kuwa mkuu wa upasuaji katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, naye akataka Thomas afuatane naye. Thomas alihama na mkewe na binti zake wawili, akakuta mji ambamo nyumba ya kupanga ilikuwa shida kwa mtu wa rangi yake, na hospitali ambamo watu weusi walioajiriwa walikuwa wafagiaji na watumishi wa kazi za mikono. Alipopita katika njia za hospitali akiwa amevaa koti jeupe la maabara, watu waligeuka kumkodolea macho, hata akawa akilivua koti hilo kila atokapo maabara kwenda ofisi ya Blalock.

Huko ndiko alikowajia Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto, mwanamke aliyekuwa na dhiki zake mwenyewe: alifiwa na mama yake utotoni, alinyimwa shahada ya udaktari katika chuo cha Harvard kwa sababu ya uanamke wake, na masikio yake yakafa hata akajifunza kuusikiliza moyo wa mtoto kwa ncha za vidole. Taussig alikuwa akiwatazama watoto waliozaliwa na kasoro ambayo waganga huiita kwa jina la Fallot. Katika ugonjwa huo njia ya damu iendayo mapafuni imebana, na ukuta utengao vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu. Basi damu isiyopata hewa hupita tunduni na kuzunguka mwilini vivyo hivyo, na mtoto huwa na midomo na kucha za rangi ya buluu, akitembea hatua chache huchuchumaa kutafuta pumzi, na aghalabu hafiki utu uzima. Taussig alikuwa ameona kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na nafuu maadamu mshipa mdogo wa tangu tumboni mwa mama ulikuwa ungali wazi, na ulipojifunga hali yao ikaharibika. Akauliza kama haiwezekani wapasuaji kuipindua mishipa, kama fundi wa mabomba apinduavyo bomba, ili damu zaidi ifike mapafuni.

Thomas na Blalock walitambua kwamba jibu huenda likawamo katika lile jaribio la 1938 lililoonekana bure.

Kazi ya kulihakikisha jambo hilo iliangukia mikononi mwa Thomas. Ilimbidi kwanza amfanye mbwa mzima awe na upungufu wa hewa katika damu kama ule wa watoto, kisha atafute namna ya kumponya. Na kazi hiyo ilichukua takriban miaka miwili, juu ya mbwa wapatao 200. Sindano zilizokuwako zilikuwa kubwa mno kwa mishipa ya mtoto mchanga, basi alizikata zikawa fupi, akazinoa upya yeye mwenyewe. Vibano alivirekebisha ili vishike mshipa pasipo kuuponda. Mmoja katika mbwa walioishi miaka mingi baada ya kupasuliwa aliitwa Anna, na picha yake ilitundikwa katika chuo cha Johns Hopkins.

Katika kazi ya namna hii naona siri kubwa ya kukua kwake. Mshono wa mshipa ama unavuja ama hauvuji. Hauulizi rangi ya aliyeushona, wala shahada yake, wala haupendelei mtu. Ukivuja, mshonaji huona kosa lake papo hapo, na kesho hushona tena kwa namna iliyo bora. Nje ya maabara Thomas alihukumiwa kwa mizani ya uongo tangu asubuhi hata jioni, lakini ndani yake alikuwa na mizani moja ya kweli, naye akajipima kwayo kila siku. Mtu aliyenyimwa insafu na wanadamu anahitaji mahali fulani ambapo kazi yenyewe itamwambia ukweli. Akipakosa mahali hapo, uonevu humtia shaka hata juu ya yale anayoyaweza.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa chumba cha upasuaji mtoto wa kike wa miezi 15, aliyekonda hata uzito wake ukawa kama kilo nne. Blalock alikuwa ameufanya upasuaji huo juu ya mbwa mara moja tu, tena kwa kusaidiwa na Thomas. Thomas alikuwa ameufanya mara nyingi. Kwa hiyo Blalock alimwita asimame juu ya kigoda nyuma ya bega lake la kulia, na muda wote wa kazi, mpasuaji mkuu mbele ya madaktari wake alikuwa akimwuliza seremala wa Nashville: je, mkato umetosha? Je, mshono uko karibu inavyopasa? Mtoto alitoka hai, akaishi miezi kadhaa zaidi. Mtoto wa tatu, mvulana aliyepasuliwa miezi michache baadaye, midomo yake iligeuka rangi palepale mezani, buluu ikaondoka ikaja nyekundu ya uhai. Kabla mwaka haujaisha watoto wa buluu walikuwa wakiletwa Baltimore kutoka kila upande.

Mei 1945 habari ilitangazwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na upasuaji ukaitwa kwa jina la Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo.

Siwezi kuyapita hayo kwa maneno ya upole. Blalock ndiye aliyemfungulia Thomas mlango, akampigania asiachwe nyuma, na bila yeye huenda maarifa yale yasingalionekana. Fadhila hiyo ni yake wala haikanushiki. Lakini aliyejua kuliko watu wote nani ameshona nini, alinyamaza palipostahili kusema. Wakati huo huo mshahara wa Thomas haukutosha nyumba yake, hata alikuwa akifanya kazi ya kugawa vinywaji katika karamu, nyingine za Blalock mwenyewe, akiwanywesha jioni madaktari aliowafundisha mchana. Alipotaka kuondoka, ndipo nyongeza ya maana ilipopatikana. Mwaka 1947 aliulizia habari za kurudi chuoni, akaambiwa aanze mwaka wa kwanza kama kijana wa juzi. Akahesabu, akaona atafika umri wa miaka 50 ndipo awe daktari, akaiacha azma ile. Hasara hiyo hakuna fadhila iliyoilipa, na wasemao kwamba mateso ndiyo yaliyomtengeneza wamesahau kuuliza angalikuwa nani kama asingaliteswa.

Alikaa Hopkins hadi 1979, akifundisha. Denton Cooley, aliyekuwamo chumbani siku ile ya 1944 na ambaye mwaka 1969 aliutia moyo wa kutengenezwa katika kifua cha mwanadamu, alikuwa miongoni mwa waliokiri waziwazi deni lao kwake. Wanafunzi wake ndio waliochanga fedha ichorwe sura yake, ikatundikwa mwaka 1971 katika jumba moja na sura ya Blalock, aliyekwisha kufariki tangu 1964. Mwaka 1976 chuo kilimtunuku shahada ya heshima, wala haikuwa ya udaktari wa tiba, bali ya sheria. Na mwaka huo akawekwa rasmi miongoni mwa walimu wa upasuaji, baada ya kuwafundisha wapasuaji zaidi ya miaka 30. Alifariki Novemba 1985, na kitabu cha maisha yake kikatoka siku chache baada ya kifo chake.

Upasuaji ule, kwa namna iliyorekebishwa, ungali unawafaa watoto wachanga ambao moyo wao hauwezi kutengenezwa wote kwa mara moja, na siku hizi madaktari wengi huutaja kwa majina matatu: Blalock, Thomas, Taussig.

Nawe msomaji uliye na watu chini ya mkono wako, iwe katika karakana, duka, shule au hospitali, lifungue daftari la mishahara mwezi huu ulisome jina kwa jina, umtafute aliyeandikwa mfagizi ilhali anafanya kazi ya fundi. Mwandikie cheo cha kazi aifanyayo, umlipe ujira wake, na jina lake ulitaje mbele ya watu angali hai alisikie.